Tuliunganisha code mbili Meru, mbuzi wa Mbeere wakapewa dozi ya ndama

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimepitia ule uzi wa juzi, mnabishana kama kugawa code kwa modules, yaani vipande vinavyojitegemea, ni lazima ama ni maringo ya watu wa vitabu. Sikutaka kuingilia. Lakini niko na kisa changu cha miaka ya mwisho ya tisini, na nitakieleza vile kilivyotokea, bila kuongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nilikuwa nafanya kazi kwa mradi mmoja wa mifugo, ofisi kubwa ikiwa Meru mjini. Huku juu, pande za Kaaga mpaka Nkubu, tulihudumia ndama wa ng'ombe wa maziwa. Kule chini Mbeere, ambako ni kukavu, kazi ilikuwa mbuzi.

Kompyuta zetu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Moja tuliigeuza server. Internet ilikuwa ya kupiga simu Nairobi na kuomba Mungu, lakini network ya ndani ya ofisi ilienda sawa. Unafungua browser, unaandika jina la mfugaji, script, yaani programu fupi ya lugha ya Perl, kwenye server inakutolea ukurasa wa kuprint: ana wanyama wangapi, kila mmoja anyweshwe dawa ya minyoo kiasi gani.

Script ya ndama niliandika mimi. Ya mbuzi iliandikwa na Wawira, mwenzangu wa ofisi ya Embu. Wawira alizaliwa Mbeere, baba yake ni mfugaji. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na code yake ilikuwa safi kuliko yangu. Nikisema hivyo simpaki mafuta, ndiyo ukweli.

Kila mmoja alikuwa na script yake, ofisi yake, na hakuna shida.

Sasa bosi wetu, Daktari Karimi, daktari wa mifugo, akaamua pande zote mbili ziwe kwa system moja. Wawira akaja Meru na diskette zake. Akapanga chumba mtaa wa Majengo kwa mama mmoja aliyemzoea haraka, na tukaanza kazi.

Tulipanga vizuri, ama tuliona hivyo. File moja kuu, juu yake mistari miwili: require ya mbuzi, halafu require ya ndama. Kwa wale hawajui Perl ya zamani, require inachukua file nyingine na kuileta ndani, ni kama sasa zote ni kitu kimoja.

Tukafungua kurasa moja moja. Ya ndama, sawa. Ya mbuzi, inafunguka, inatoa namba, hakuna error. Daktari Karimi akaangalia juu ya mabega yetu, akatupongeza, akaenda zake Isiolo kwa mkutano.

Asubuhi iliyofuata Mutuma aliprint karatasi zake akaingia kwa pickup. Mutuma alikuwa fundi wa kunywesha dawa, mtu wa miaka mingi, lakini miaka yote alikuwa amefanya na ng'ombe wa Meru. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kwa mbuzi wa Mbeere. Alienda na karatasi kwa sababu ndiyo ilikuwa mwongozo wake.

Wawira alikuwa anakunywa chai kwenye dawati lake. Akachukua nakala iliyobaki kwa printer, nadhani alitaka tu kuona jina la baba yake limetoka aje. Baba yake, Mzee Ireri, alikuwa wa kwanza kwenye ratiba.

Akaisoma, akaniita.

"Mwenda, hii si dozi ya mbuzi."

Nikachukua karatasi. Namba nilizijua mara moja. Zilikuwa zangu, za ndama. Karibu mara tatu ya zile za mbuzi.

"Mutuma ametoka saa ngapi?" akauliza.

"Ametoka mapema. Saa hii anakaribia kufika."

Siku hizo hakuna mtu wa kawaida alikuwa na simu ya mkononi. Wawira alipiga simu duka moja la Siakago, akaongea Kimbeere haraka sana. Kimeru na Kimbeere ni majirani, nikashika maneno machache: baskeli, baba, wasimamishe.

Halafu akaketi na kuweka mikono juu ya meza. Hakulia wala kunilaumu.

Ujumbe wake haukufika mapema vya kutosha. Mutuma alikuwa ameanza na mbuzi kadhaa wa Mzee Ireri kabla mtu wa baskeli aingie. Wawili walikufa kabla ya jioni. Wengine walilala chini wakitokwa na mate, wakaamka polepole.

Tukiwa bado tunangoja habari, tulifungua code. Shida tuliiona upesi.

Kwa file yake Wawira alikuwa na function, yaani kipande cha kupiga hesabu, inaitwa dozi. Kwa file yangu pia kulikuwa na function inaitwa dozi. Ungeiita nini kingine? Perl ilisoma yake kwanza, halafu ikasoma yangu, na yangu ikafuta yake. Kimya kabisa. Hiyo dozi ndiyo ilisema mnyama mkubwa anapata kiasi hiki, mdogo anapata kile, na sasa hata kwa mbuzi kipimo kilikuwa cha ndama.

Kuna kitu kidogo cha kuandika kwa mstari wa kwanza, -w, kinachofanya Perl ikuonye. Tulipokiweka ikatuambia wazi: Subroutine dozi redefined, yaani dozi imeandikwa juu ya nyingine. Wawira alisoma hayo maneno, akazima screen, akachukua koti lake.

Kesho yake tulienda kwao pamoja. Njiani nilikuwa natunga vile nitaomba msamaha.

Mzee Ireri alitupokea, akatupa viti nje. Wawira akamweleza kila kitu kwa Kimbeere. Akamwambia, "Baba, tulikuwa na watu wawili wa jina moja kwa nyumba moja. Tukiita mmoja, anaitika mwingine."

Mzee alisikiza mpaka mwisho.

"Nimesikia. Na hawa wamebaki, wataachiwa minyoo?"

Wawira akasema watahudumiwa wakipona.

"Basi utawanywesha wewe. Si mashine, si huyu wa Meru. Wewe."

Tulilala Siakago mpaka wale wagonjwa wakapata nguvu. Halafu Wawira aliwanywesha zizi zima kwa mkono wake, akipima kila mmoja mbele ya baba yake, mzee akishika pembe. Mimi nilifungua na kufunga mlango wa zizi. Hakuna aliyeanguka.

Tuliporudi Meru tuliandika upya. Kila file ikapewa package yake, ambayo ni kama jina la ukoo, kwa hivyo ikawa Mbuzi::dozi na Ndama::dozi, haziwezi kukutana. -w haikutoka tena. Na kabla ya kuprint chochote, script ilikuwa inahesabu dozi ya mbuzi mmoja na ndama mmoja ambao majibu yao tunayajua. Isipolingana, inakataa kufanya kazi. Daktari Karimi aliporudi tulimwambia yote, na akaagiza fundi yeyote akitilia shaka karatasi asimame kwanza.

Funzo langu ni hili wakuu: code mbili zinazofanya kazi vizuri zikiwa mbali hazijathibitisha chochote siku mnaziweka pamoja. Kuona ukurasa umefunguka si kutest. Angalia kama jibu ni la kweli.

Siku hizi lugha nyingi zinakukemea ukirudia jina. Sisi hatukukemewa.

Wale mmewahi kuunganisha kazi ya watu wawili ikawaharibikia, hebu elezeni hapa chini mlitokaje. Na wale wa Perl, najua bado mko, msijifiche.