Nyamizi na Upanga wa Mkaratusi

Wifi yangu Nyamizi anashika gunia kwenye mdomo wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku. Vumbi la pumba linaruka muda wote, na kila anayefanya kazi hiyo hujifunza siku ya kwanza kugeuza uso. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo nusura limponze.

Mwaka jana aliona kwenye simu yangu video ya watu wanaopigana na panga ndefu za kizamani za Ulaya, zile za kushika kwa mikono miwili. Akaitazama mpaka chaji ikaisha. Mwalimu wa mchezo huo hapa hayupo, na hata Mbeya mjini tuliuliza hatukumpata. Basi akachonga upanga wa mkaratusi, akaning'iniza gunia la pumba mtini, akaanza mwenyewe.

"Nyamizi, kwelea kwelea wamekukosea nini?" mzee Jailos akamuuliza akipita na baiskeli.

"Si wanamaliza mpunga wako, mzee? Nakusaidia."

Baadaye tukasikia habari za Akash, mwenye duka Iringa, aliyejifunza mchezo huo alipokuwa anasoma nje na sasa anafundisha vijana wachache. Nyamizi akampigia. Akash akasema ana panga mbili butu na vinyago viwili vya wavu wa chuma, atampa aanzishe kundi huku kwetu. Ila kwanza aje apambane na mwanafunzi wake, na atakayetangulia kugusa mara tatu ndiye mshindi.

"Waliojifunza kwenye simu huwa na makosa wasiyoyaona," alisema.

Maneno hayo yalimkaa wifi. Nikawa namrekodi, binti yangu Kalista mgongoni. Jioni moja nikimnyonyesha huku naangalia video, nikaona.

"Wifi, kila ukipiga unageuza uso."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa tena. Kama uko mashineni."

Akairudisha video nyuma, akaitazama tena. "Sasa nitaachaje? Miaka sita nageuza uso."

Kesho yake nikakaa nyuma ya gunia, mbali kidogo, nimempakata Kalista. Kila Nyamizi akipiga, lazima aseme mtoto ameshika nini. Kijiko. Gunzi. Ndala. Siku za mwanzo ndala aliita gunzi, tukacheka mpaka mtoto naye akacheka. Baada ya miezi miwili hakukosea tena.

Iringa tulimkuta Clement, mwanafunzi wa Akash, kijana wa chuo, mrefu, mpole wa maneno. Upanga wake haukuwa mpole. Alimgusa Nyamizi begani, kisha begani tena, na mara zote mbili niliona kile kinyago kikigeuka pembeni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Clement, nikambana Kalista mpaka akaguna.

Nyamizi akarudi nyuma, akashusha mabega. Akamgusa Clement mkononi. Halafu ubavuni. Mbili kwa mbili. Clement akaja na pigo la kutoka juu, lenye uzito wake wote, na safari hii kinyago hakikugeuka hata kidogo. Nyamizi akalipokea, akalisukuma kando, ncha ikatua katikati ya kifua.

"Nani amekufundisha?" Akash akauliza, huku ameshaanza kufunga zile panga kwenye turubai.

Nyamizi alivua kinyago, jasho linamtiririka, akaangalia upande wangu.

"Huyo pale. Wifi, mnyang'anye mtoto glavu ya watu. Anaitafuna tangu Clement aliponigusa mara ya pili."

Nikainamisha macho. Kweli, Kalista alikuwa ameishika glavu, imelowa mate, na mimi niliyempakata sikuwa nimeona.