Siku Gundi Ilipogoma Kukauka

Ukiwa na chombo cha faiba hapa Ada Foah, kikapasuka, kikatoboka au kikang'oka boliti, utaambiwa nenda kwa Kabutey. Utamkuta chini ya bati lake kando ya mto, suruali imejaa madoa ya gundi, amekunja uso utadhani kuna mtu kamdhulumu. Usimjali, ndivyo uso wake ulivyo. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, na Kabutey alidhani naye atazeeka akiziba mbao kwa pamba na lami. Halafu matajiri wa Accra wakaja kujenga majumba yao ukingoni, wakaleta pikipiki za maji, na pikipiki za maji zikaanza kuharibika. Hazina wiki ya kupumzika hizo. Wenyewe huja Jumamosi na kuondoka Jumapili, na siku zote nyingine vyombo vinabaki na walinzi wa nyumba.

Na walinzi wenyewe, jamani! Chukua mtu kama Teye. Kijana mzuri, ana adabu, maji anayajua. Watu wakizidiwa kule mdomoni, mto unapoingia baharini, ni yeye anayewafuata kwa pikipiki ya bosi wake, na bosi hana habari. Lakini mpe spana uone maajabu. Uzi wa nyavu ukijisokota ndani ya pampu, ile inayoisukuma pikipiki majini, Teye anaifungua pampu yote, anautoa uzi, anaifunga tena, kisha anachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, anakaza mpaka boliti inalia. Sasa faiba si chuma. Zile nati za shaba zilizozikwa ndani ya bodi zinachoka, zinang'oka zilipo, zinaanza kuzunguka pamoja na boliti. Hapo hata ukaze mpaka kesho, pampu haishikwi na kitu.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, asubuhi ya manyunyu na ubaridi, Teye akaileta pikipiki kwa Kabutey juu ya mkokoteni.

"Mzee, boliti zimekataa kushika."

"Zimekataa zenyewe? Wewe hukuzigusa?"

"Nilikaza kidogo tu."

"Kidogo cha spana, au kidogo cha bomba?"

Teye akacheka huku akitazama vidole vya miguu yake. Kabutey akalala chini akachungulia. Katika matundu manne, matatu yalikuwa yameliwa. Akatukana taratibu, matusi ya mtu anayeipenda kazi yake, akachukua drili akayachimba upya. Akayapiga msasa ndani, akayaosha kwa spiriti, akakatakata nyuzi za faiba akazichanganya na gundi, akazishindilia. Katikati ya kila tundu akazika nati mpya ya shaba.

"Haya, sasa usiiguse. Kwa ubaridi huu, mpaka jua liinamie upande wa pili."

"Mchana wote, Mzee?"

"Kwani unakwenda wapi? Leo Jumanne."

Jumanne sisi hatuingii baharini, bahari inapumzika. Mitumbwi mikubwa ilikuwa imevutwa juu mchangani, mashine zake zimefungiwa majumbani, na wenyewe wamekwenda soko la Kasseh na wake zao. Mtoni ndiko kulikokuwa na watu, wanavuka kwenda visiwani na kurudi kama kawaida. Koryo, binti pekee wa Kabutey, fundi cherehani, alikuwa ameiona pikipiki ikishushwa kabla hajavuka kupeleka sare za shule.

Koryo alipopiga simu, Kabutey alikuwa anatafuna kenkey ya mahindi na samaki wa kukaanga.

"Baba, mashine ya boti imezima. Maji yanakupwa, yanatuvuta kwenda mdomoni."

"Mko wangapi?"

"Watatu. Mimi, mwenye boti, na mama mmoja muuza chaza. Baba, ile pikipiki ya Teye bado iko kwako?"

Niambie, wewe ungejibu nini?

"Iko hapa, mwanangu."

"Basi itume."

"Inakuja," Kabutey akasema, na simu ikakatika.

Aliinuka, kenkey ikaanguka, akasimama mbele ya pikipiki ile. Akagusa gundi kwa ukucha. Ukucha ukazama. Akatoka nje akapiga ukelele, watu wakaja mbio, wengine wakakimbilia mchangani kutafuta mtumbwi. Lakini mtumbwi wa baharini unasukumwa na watu ishirini, na pale walikuwapo vikongwe na wanawake wenye mimba. Boti za kuvusha watu mtoni haziwezi mawimbi ya mdomoni. Pikipiki nyingine zilikuwa kwenye mabanda ya matajiri, zimefungwa, funguo ziko Accra. Mtu mmoja akachukua bodaboda kwenda Kasseh kuwaita wavuvi. Hakukuwa na la ziada.

Mkewe, Mama Koryo, akaja bila viatu.

"Unangoja nini? Funga hiyo pampu!"

"Gundi ni mbichi."

"Mwanangu yuko mdomoni, wewe unaniambia habari za gundi?"

"Pampu ikichomoka kwenye mawimbi, Teye anakufa."

"Mzee, anayepanda ni mimi," Teye akasema. Alikuwa tayari amevua shati. "Funga. Nitakwenda polepole."

"Mdomoni hakuna polepole, na wewe unajua."

"Funga, Mzee! Nakuomba!"

Basi akafunga. Siwezi kukudanganya kwamba alishikilia msimamo wake. Ni baba yule. Alishika spana, akaingiza boliti ya kwanza, akaikaza kidogo, kidogo kweli, na akaihisi nati ikigeuka ndani ya gundi kama kijiko kwenye uji. Akaiachia. Akakaa chini kwenye tope, akaanza kuinyoosha tena ile nati kwa ncha ya kidole, maana ilikuwa imeinama, na machozi yanamtoka hadharani.

"Ongeza dawa ya kukaushia," mtu akasema nyuma.

"Imeshachanganywa! Naiongeza wapi?"

Mama Koryo akaenda mbio akarudi na jiko lake la mkaa, linawaka. Hilo walau lilikuwa jambo la kufanya. Wakaliweka chini ya bodi, Kabutey akapima joto kwa kiganja chake. Ukilisogeza mno, gundi inatoa mapovu na kuwa kama mkate. Ukiliweka mbali, hakuna kitu. Akawa analisogeza, analirudisha. Mkewe akapiga magoti akapepea. Teye akawa anatembea kwenda majini na kurudi, kwenda na kurudi. Kabutey alijaribu kupiga simu, haikuita. Akagusa kwa ukucha, ukazama. Akangoja, akagusa tena, ukaacha alama. Watu wazima, wenye nguvu na akili zao, wamezunguka vitundu vitatu wanavitazama!

Ukucha ulipoteleza bila kuacha kitu, mkono wake ulikuwa umeungua na hakujua. Akafunga boliti zote nne, zikashika. Wakaibeba pikipiki juu juu mpaka majini, na Teye akaondoka, maji yakiruka nyuma yake.

Alirudi na watu wawili. Mwenye boti alikuwa amelala kifudifudi, anatapika maji. Muuza chaza alikuwa amemkumbatia Teye kiunoni, na ilibidi wamtoe kidole kimoja kimoja. Mama Koryo alihesabu mara moja, akaketi pale pale majini.

"Boti ilipinduka, tukashika tumbo lake," yule mama akasema, meno yanagongana. "Binti ndiye aliyekuwa anatutia moyo. Kila mara anasema, msiachie, baba yangu ana mashine, amesema inakuja. Nikitaka kuachia ananishika nguo. Inakuja, mama, inakuja. Mikono ikamchoka yeye. Sasa hivi tu, jamani. Tulikuwa tumeshaisikia ikilia."

Kabutey alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Teye, na swali alilouliza watu walidhani amerukwa na akili.

"Pampu ilishika?"

Teye alikuwa analia kama mtoto. "Ilishika, Mzee. Haikutikisika hata kidogo."

Wavuvi walifika kutoka Kasseh jioni, na bahari ikaurudisha mwili wa Koryo wakati maziko ya sanduku tupu yameshapangwa. Kabutey bado anafanya kazi chini ya bati lile lile, na matajiri bado wanamwambia fanya haraka, tuna wageni. Pikipiki ile ikiletwa, hata kama imeletwa kwa mkwaruzo tu, hulala chini kwanza akazijaribu boliti zile kwa spana. Hazijawahi kulegea.