Mabuu wa Upendo na Mbao ya Bandarini

Mwanangu, mie mjini hapa hakuna la kunishangaza. Shule niliiacha darasa la tano, lakini nyumba yangu ya Mtoni, yenye geti na tangi la maji, nimeijenga kwa kuvunja paleti za Kurasini, zile fremu za mbao zinazobebea mizigo kwenye makontena. Nani wa kunidanganya mie kwa mbao? Basi nakumbuka siku moja nilidanganywa kwa mbao hizohizo, na hata sasa ninapoandika damu inanichemka.

Binti yangu Upendo anafuga mabuu wa mbawakawa. Ndiyo, mabuu, wale weupe wanene waliojikunja kama korosho. Nilipowaona mara ya kwanza nilitaka kuwatupia kuku. Akanikalisha chini, akanieleza: buu hali mbao ngumu. Lazima kuvu iile kwanza, iilainishe mpaka ipondeke vidoleni kama muhogo uliochemka, ndipo naye ale. Beseni la pili ana majongoo, nao chakula chao hichohicho. Mama yake alikuwaga ananicheka, "Baba Upendo, fundi mbao mzima unamnunulia mtoto mbao mbovu!" Nacheka naye, lakini nanunua. Mtoto alikuwa kawalea tangu mayai, na walikaribia kugeuka mbawakawa wenye pembe.

Gogo lake la mkorosho lilipoisha, nikapita kwa kijana mmoja anaitwa Side, anauza miche na vyungu vya maua kando ya Barabara ya Kilwa. Akaniuzia kiroba cha mbao zilizoota ukungu mweupe. "Hii ya porini kabisa, mzee." Nikaamini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wiki haikuisha, mabuu wakaanza kuwa weusi na kulegea. Upendo hakulia. Aliwatoa waliobaki hai, akawaweka kwenye beseni tupu. "Baba, wakipata gogo safi leo, hawa watapona."

Nikalipasua pande moja la ile mbao kwa nyundo. Ndani kuna tundu la msumari! Mwanangu, matundu yale ndiyo yaliyonilisha miaka yote. Paleti! Mbao imepigwa dawa ya kuua wadudu kabla ya kupanda meli, kijana kaifukia kwenye mchanga wenye maji mpaka ukungu ukaota juu, halafu anaiuza chakula cha wadudu!

Nikakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kwenda Mkuranga kufuata gogo la mkorosho. Njia inapita palepale kwa Side. Ningepita tu. Nikamwambia dereva asimame.

"Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie! Mbao ya porini ina tundu la msumari?"

Akalipokea lile pande, akaligeuzageuza, akatabasamu. "Mzee nawe. Si wadudu tu hao?"

"Mwanangu kawalea tangu mayai!"

"Basi mnunulie wengine."

Hapo mguu ukaenda. Chungu cha kwanza, cha pili, mpaka mstari mzima ukawa vigae. Sisemi nilikosea kukasirika. Hasira ile ilikuwa haki yangu, na bado ninayo. Watu wakajaa, akaitwa mjumbe wa mtaa, Bi Asumini, mama mtu mzima asiyepandishaga sauti. Akatusikiliza sote, jambo baada ya jambo, mpaka nikaona jua linashuka. Mwisho akalishika lile pande, akachungulia tundu.

"Ungeniletea hili mkononi, baba, huyu angekurudishia pesa na kukuomba radhi mbele za watu. Wewe umekuja na mguu. Sasa mwenye vyungu ndiye mwenye kesi."

Bodaboda mmoja akadakia, "Lipa, tajiri! Vyungu havina bima!" Wakanicheka. Mie!

Nikalipa. Giza limeshaingia, na Mkuranga hakuna wa kukukatia gogo usiku. Nikarudi nyumbani, Upendo kasimama mlangoni na beseni lake.

"Gogo liko wapi, baba?"

Gogo lilifika kesho yake mchana. Majongoo, ambao mbao ile haikuwafikia, wakalipanda, wakala. Kwa mabuu lilichelewa: hata mmoja hakujikunja tena.

Sasa nisikilize. Ukiuza chakula, hata cha mdudu, kiogope kama utakila wewe. Ukimlisha kiumbe asiyeweza kusema "hiki kichungu", chakula chake kipasue kwanza ukione ndani. Na ukidhulumiwa, beba ushahidi, mguu uache chini, tena shughulikia kwanza kilicho hai, mdhulumaji utamkuta palepale. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi: Side siku ile hakuuza chungu hata kimoja, lakini vyote vililipwa.

Mungu akupe riziki isiyo na sumu, akupe na mtoto wa kukuamini, na siku atakapokuuliza swali mlangoni uwe na la kumjibu.

Kwa vyungu vile zilinitoka shilingi elfu themanini na saba na mia tano.