Mahubiri ya Kwanza Kisiwani

Harufu ya makuti mapya hunirudisha kwenye kanisa dogo ambalo Wamethodisti walijenga kijijini kwetu, kisiwani Pate. Siku ya kwanza hakwenda mtu. Mhubiri, Mzungu mwembamba, alisimama mlangoni karibu alie. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukosa hata moja ya sala tano, alimwonea huruma mgeni wa watu. Akanishika mkono, tukaingia, tukaketi mbele.

Mhubiri alichangamka mara moja. Akapaza sauti: “Nimekuja kuonja dhambi zenu!”

Maskini, alitaka kusema kuosha.

Bibi akageuka kutazama nyuma. Tulikuwa wawili tu.

“Bwana,” akamwambia kwa upole, kwa lahaja yetu ya kisiwani, “mimi ni kizee na huyu ni mtoto. Hapa utakufa ndaa.”