Kochi la Kuazima

Wifi yangu, mjane wa marehemu kaka, ni fundi cherehani, na kwa wageni hana mchezo. Hata akilala njaa, mgeni hatajua. Siku ofisi ya ustawi wa jamii ilipotuma ujumbe kwamba afisa anakuja kuangalia hali ya nyumba, nikajua tumekwisha. Binti yake ana tundu kwenye moyo. Bila kadi ya matibabu ya bure, upasuaji hakuna.

"Usiazime kitu," nikamwambia. "Aone mkeka, aone ndoo, aende zake."

"Wee! Mgeni wa serikali nimkalishe chini? Watu watanionaje?"

Akaazima. Kochi kwa muuza mkaa, zulia na runinga kwa mama mwenye nyumba. Na mimi, mjinga mwenzake, nikabeba runinga huku namtukana njia nzima.

Afisa, mama wa makamo, alizama kwenye kochi. Akaangaza macho, akabonyezabonyeza kishikwambi chake.

"Hongera, mama, umejipanga. Ila kadi hizi ni za wasiojiweza kabisa."

Kutoka chumba cha pili tulimsikia binti akihema. Nikamkanyaga wifi mguu. Akauvuta mguu wake. Afisa akainuka, akachukua mkoba. Sema, mwanamke! Mwanao atakufa kwa ajili ya kochi!

Afisa alikuwa keshafika mlangoni wifi alipomshika mkono.

"Dada, hilo kochi si langu."

"La nani?"

Wifi akatoa kichwa nje, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia. "Baba Mkaa! Njoo uchukue kochi lako! Mama mwenye nyumba, runinga yako hii hapa!"

Wakaja, macho chini, wakabeba. Zulia likakunjwa. Ikabaki cherehani, mkeka, na ndoo ya kukingia mvua inayovuja darini.

Afisa akavua viatu, akaketi mkekani, akafuta alichoandika.

"Haya, tuanze upya. Kuna kingine cha kuazima?"

Wifi akajitazama kifuani. Machozi yakamlengalenga.

"Hili gauni," akasema. "La wifi yangu." Na mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha kwanza.

"Koma!" nikapiga kelele, nalia. "Gauni lako hilo! Nimekupa, mbele ya serikali!"

Afisa akainamia kishikwambi chake, kisha akaomba aitiwe binti, amwandikishe kadi.