Siku Mama Aliponyima Radhi

Kaka yangu alipopata nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kikuu kule Uganda, mtaa wetu wa Kariakoo haukungoja ahitimu. Tangu siku alipopanda treni walimwita Daktari. Aliporudi likizo, wanawake walimletea barazani watoto wenye vikohozi, naye akawa anawatazama ndimi. Nilikuwa na hasira nao, na mpaka leo ninayo. Mtu hata chai hajanywa, mnamletea matumbo yenu!

Kumbe alikuwa amefeli mtihani, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kila aliyemsalimia alitanguliza cheo. Akakonda, usingizi ukamkimbia. Majirani wakasema vitabu vimemzidi kichwani, wakacheka, ikawa basi.

Ijumaa moja baada ya swala akapita chumba kwa chumba katika nyumba yetu ya wapangaji, akiomba radhi kama afanyavyo msafiri.

"Tusameheane, jirani. Nilipokukosea unisamehe."

Wakamsamehe kwa moyo mkunjufu, wakamsifu: msomi mzima, na mila hakuzisahau. Saa yake ya mkononi akamwachia mpangaji wa chumba cha mbele.

Mama alikuwa uani akikuna nazi, nami nikichambua mchele. Kaka akachuchumaa mbele yake, akaomba vilevile.

"Unasafiri lini?" Mama akauliza.

"Karibuni, Mama."

"Mbona sanduku lako liko juu ya kabati, na nguo zako zote ziko kambani?"

Mama akaweka nazi chini.

"Radhi yangu sikupi. Na bila radhi yangu huendi popote. Unataka kufa, mwanangu?"

Niliganda. Sikujua kwamba swali hilo linaulizika, mchana kweupe, kwa sauti ya kawaida. Kaka akalia, na katika kulia akayasema yote: mtihani, aibu, na lile jina. Mama akamkumbatia kwa mikono yake yenye nazi.

"Umefeli, basi. Jina walikupa wao, watalichukua wenyewe."

Haikwisha siku ile. Kwa muda mrefu alilala chumbani kwa Mama, na hatukumwacha peke yake. Mwishowe akawa mwalimu wa hesabu, akaoa, akaota mvi.

Mama alipokuwa anatutoka, alimwita kitandani. "Sasa msafiri ni mimi. Nipe radhi."

"Sikupi," kaka akasema. Wakacheka wote wawili, kisha akampa.