Gari la Gebhard Stäbler Lisilo na Kitu cha Kigeni

Gebhard Stäbler alioka mikate maisha yake yote, na alipokabidhi duka kwa mwingine akajinunulia gari la michezo. Hapa mjini kwetu, kando ya mto Neckar, hakuna aliyeshangaa. Mwokaji huamka wenzake wakiwa wamelala fofofo, Jumamosi yake ni kazi, likizo yake ni kazi. Mwache mzee wa watu afurahi. Kilichotuchosha ni maneno yake. Gebhard hakuliendesha sana gari lile, alilihubiri. Angefungua mlango, aufunge, kisha akukazie macho aone kama umesikia. "Huo ndio mlango wa Kijerumani," angesema, utadhani kauzaa yeye.

Mkewe, Resi, aliusikia mlango huo kuliko sisi sote. Yeye alitaka jambo moja tu kutoka kwa gari lile, limpeleke Ziwa Garda, kule Italia. Safari hiyo aliahidiwa siku ya harusi. Ikaahirishwa kwa sababu ya tanuri, kisha kwa sababu ya watoto, kisha kwa sababu ya tanuri jipya. Sasa walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, chumba cha hoteli kimepatikana, na sanduku lake lilikuwa limeshasimama karibu na mlango wa mbele ili mtu asijifanye kusahau.

Matata yalianzia Ochsen, baa ambako wazee wetu wana meza yao ya Alhamisi. Ukitamka jambo mbele ya meza hiyo umelitamka, huwezi tena kuyameza maneno yako. Gebhard alizoea kumchokoza Eugen Hägele, mpeleka barua mstaafu, kwa kuwa Eugen anaendesha kigari cha Kijapani. Alikiita sufuria ya wali. Eugen alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Alhamisi hiyo aliomba kwa upole afunguliwe boneti. Meza nzima ikatoka nje na bia mkononi. Eugen akavaa miwani, akainama, akaanza kusoma vibandiko kwa sauti ileile ya mtu anayesoma majina kwenye bahasha. Taa, Ucheki. Pampu ya maji, Hungaria. Akaingiza kichwa ndani ya gari na kuendelea: usukani, Ureno, mikanda ya viti, Uturuki.

"Mzee mwenzangu," akasema huku akinyoosha mgongo, "hapa umenunua Umoja wa Mataifa wenye magurudumu."

Watu walicheka mpaka mwenye baa akatoka kuona nani kaanguka. Gebhard alipandwa na damu kichwani. Akaapa mbele yao wote kwamba siku atakayoelekea Italia, ndani ya gari lake hakutakuwa na kitu hata kimoja kilichotengenezwa nje ya Ujerumani. Waliporudi ndani, wenzake wakagonga meza kwa ngumi kuthibitisha, kama ilivyo desturi yetu. Ikawa amejifunga kamba mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alianza kufungua. Mwanamume aliyewahi kukanda unga kwa magunia haogopi bolti, na mikono yake ilikuwa bado na nguvu za kutosha. Taa zikatoka. Pampu ikatoka. Viti vikatoka, vikapangwa ukutani vikitazamana kama wageni wasiofahamiana. Kisha akaenda dukani kutafuta taa za Kijerumani. Dada wa kaunta akamletea boksi zuri lenye jina la kampuni ya Kijerumani kwa herufi kubwa. Gebhard akaligeuza boksi chini juu. Ucheki.

Akaeleza kwamba anataka ya Kijerumani. Dada akamwambia ya Kijerumani ndiyo hiyo. Wakaenda hivyo kwa muda, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, mpaka foleni iliyokuwa nyuma ikaanza kukohoa. Gebhard alirudi nyumbani mikono mitupu. Siku ile furaha yake pekee ilikuwa kopo la plastiki la maji ya kuoshea kioo, alilolitoa garini. Lilikuwa limetengenezwa hapahapa kwetu, safari ya nusu saa tu. Akalipangusa kwa kitambaa na kuliweka juu ya meza ya gereji mahali pa heshima.

Resi alikuwa akipita mlangoni akitazama, halafu anaondoka. Alimuuliza mara moja kama vile vitu vitarudi mahali pake kabla ya Jumamosi ya safari, akajibiwa kwamba ubora hauharakishwi. Hakusema kitu. Mwanamke akinyamaza namna ile, mwenye akili huacha spana chini. Gebhard akachukua nyingine kubwa zaidi.

Sasa zikabaki nyaya. Zile nyaya hupita gari zima, toka mbele hadi nyuma, na ukizitoa umebaki na bati lenye rangi nzuri. Gebhard akalala chali, akamulika, akakiona kibandiko cha nyaya hizo. Akalalamika kwa sauti kubwa, akidhani yuko peke yake.

"Romania! Hata huku ndani? Watu wa Romania nitawakwepea wapi?"

"Mimi je, unanitoa lini?" akauliza Resi.

Alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya dengu na tambi. Resi alizaliwa Banat, katika vile vijiji vya Romania ambako watu wetu walihamia zamani kwa kufuata mto Danube. Alikuja huku akiwa msichana, na kwa miaka arobaini mumewe alikuwa hajaliona hilo kuwa jambo la kuzungumzwa.

Gebhard akajivuta kutoka chini ya gari. Akasema hilo ni jambo tofauti, Resi ni wa hapa hasa, mababu zake walitoka hapa.

"Walitoka kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa," akasema Resi. "Mimi shule yangu Romania. Unga wangu wa kwanza niliukandia Romania. Na zile brezel, Gebhard? Mji mzima ulikuwa unakupigia saluti. Wanasema mkono wa Mswabia huo, wa mzaliwa wa huku, hakuna kama huo. Ule mkono ulikuwa wa nani?"

Mume akatazama chini. Mikate yote mingine ilikuwa yake. Lakini brezel, ile mikate ya kusokotwa iliyolijaza duka lao watu kila asubuhi, ilikunjwa na Resi tangu mwanzo mpaka siku ya mwisho. Yeye alisimama mbele kwenye kaunta akapokea sifa. Hakuwahi kudanganya. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

"Jumamosi naenda Garda," akasema Resi. "Kwa gari hili, au kwa basi na wajane wa kanisani. Amua wewe." Akaiweka sahani juu ya boneti, akaondoka.

Gebhard aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto hata ukiwa peke yako. Dengu zikapoa. Alitambua kuwa basi si basi tu. Resi akienda Garda bila yeye, ataweza kwenda popote bila yeye, na atafurahi.

Alhamisi iliyofuata akaingia Ochsen. Hakuketi. Akawaambia wenzake kwamba anavunja kiapo, waandike au wacheke, kila kitu kinarudi garini, vya Ucheki, vya Hungaria na vya Ureno. Kisha akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Na zile brezel," akasema. "Sikuzikunja mimi. Hata moja. Ni Resi."

 Eugen akashusha bia yake taratibu.

"Tunajua, bwana," akasema. "Siku Resi akiugua, kwako hakukuwa na brezel, sote tulikuwa tunanunua kule kwa mwokaji mwingine, Mödinger."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba hakuna aliyecheka. Miaka yote ile walikuwa wamemwachia tu ajisifu, kwa wema. Gebhard akavuta kiti, akaketi, akaagiza bia. Baadaye Eugen akamuuliza kama anahitaji mtu wa kumshikia tochi. Ijumaa yote wazee hao wawili walikuwa gerejini wakibishana ni bolti ipi ya kiti kipi, na kufikia jioni gari likawaka.

Jumamosi Resi alitoka na sanduku, akazunguka upande wa kushoto, uliko usukani, akanyoosha kiganja. Gebhard hakuwahi kumpa mtu ufunguo ule. Akampa. Akaketi upande wa abiria, magoti yamebanana, mikono hajui aiweke wapi, akaufunga mlango bila kumtazama mtu usoni.

Resi anaendesha kwa kasi. Walipovuka milima na jua la Italia likaanza kuingia ndani, alipiga usukani kwa kiganja, kama mtu anayepima donge la unga.

"Gari zuri," akasema. "La wapi hili?"

Gebhard alilifikiria swali hilo kwa muda, malori mawili yakapitwa.

"Letu," akasema.